Jinsi ya Kusoma "Mtawala" cha Machiavelli Leo: Mwongozo Kamili wa Wiki Nane

Il Principe, kitabu alichokiandika Niccolò Machiavelli mwaka 1513 na ambacho hapa tutakiita Mtawala, kina sura 26 na barua moja ya kumtunukia mkubwa. Ukiondoa dibaji na tanbihi za wahariri, ni maneno elfu thelathini na kitu. Msomaji mzoefu hukimaliza kwa jioni mbili. Ufupi huo umekiponza. Wengi barazani wanakijua kwa sentensi mbili tatu zilizosafiri kwa simu, kwamba ni bora kuogopwa kuliko kupendwa, kwamba mwisho huhalalisha njia, na wakishazijua hizo huona wamekisoma. Ya kwanza imekatwa katikati. Ya pili haimo kitabuni.

Mwongozo huu ni wa kukisoma kwa wiki nane, ukiwa peke yako au katika baraza la watu watano hadi saba. Umejengwa juu ya jambo moja: karibu kila ushauri wa Machiavelli umefungwa kwenye sharti, na sharti ndilo linalodondoka kwanza msemo ukianza kutembea. Msomaji kazi yake ni kulirudia sharti lilipodondoka na kuliokota.

Kupata nakala

Huhitaji nakala ya bei. Tafsiri ya Kiingereza ya W. K. Marriott ya mwaka 1908 hakimiliki yake imekwisha, na inapatikana bure katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Lakini angalia: faili hilo lina maandishi mengine mawili ya Machiavelli yaliyoambatanishwa mwishoni, moja kuhusu jinsi Cesare Borgia, mwana wa Papa Alexander wa Sita, alivyowaua maadui wake na jingine kuhusu maisha ya Castruccio Castracani wa Lucca. Watu huchapisha faili zima, wakasoma hadi Castruccio, wakashangaa kitabu kimegeuka vipi kuwa hadithi. Kitabu chenyewe kinaishia sura ya 26, kwa mistari ya mshairi Petrarca. Mwambie mwenye fotokopi akutolee kuanzia barua ya kutunukia mpaka hapo, upande mmoja tu wa karatasi. Upande mtupu ni wako wa kuandikia, na utauhitaji.

Tafuta pia tafsiri ya pili, iliyo mpya zaidi, katika maktaba au duka la vitabu vya mtumba. Si lazima uisome yote. Kazi yake ni moja: pale tafsiri mbili zinapotofautiana sana, ujue chini yake pana fundo katika Kiitalia cha asili, na fundo hilo mara nyingi ndilo lenye hoja.

Kabla ya kuichukua hiyo ya pili, ijaribu kwa sura ya 8. Hapo Machiavelli anamzungumzia Agathocles wa Siracusa, mwana wa mfinyanzi aliyejipandisha mpaka utawala kwa kuwaua maseneta na matajiri wa mji wake. Anasema kuua raia wenzako, kusaliti marafiki, kukosa imani na huruma, hakuwezi kuitwa virtù. Mistari michache baadaye anaitaja virtù ya Agathocles huyo huyo katika kuingia hatarini na kutoka. Neno ni lile lile. Mfasiri aliyeweka maneno mawili tofauti ili kuficha mgongano huo amekufanyia uamuzi ambao ni haki yako kuufanya. Aliyeacha neno moja, au aliyeeleza kwenye tanbihi, ndiye wa kuchukua.

Maneno matatu ya kukubaliana mapema

Ukisoma kwa Kiingereza na kujadili kwa Kiswahili, kama inavyokuwa Mombasa karibu kila mahali, unatafsiri mara ya pili bila kujua. Ni heri mkubaliane mapema maneno mtakayoyatumia, myaandike ukurasa wa kwanza wa daftari.

La kwanza ni hilo virtù. Kiswahili cha haraka huliita "fadhila" au "wema", na hapo kitabu kizima kinapinduka, kwa sababu utaona kama mwandishi anawaita wauaji watu wema. Mzizi wake ni vir, neno la Kilatini lenye maana ya mwanamume, na maana yake kwa Machiavelli iko karibu zaidi na uhodari: uwezo wa kuona wakati wako, kuamua, na kutenda bila kutetereka. Tunapendekeza "uhodari". Halienei kikamilifu, kwa kuwa sura ya 8 inaonyesha kwamba hata Machiavelli mwenyewe alisita kuliachia neno hilo likose kabisa maadili, lakini halikupotoshi.

La pili, fortuna, ni gumu zaidi kwetu, na linastahili nusu saa nzima ya mazungumzo. "Bahati" kwa mazoea ya lugha huelekea upande wa heri. Mtu mwenye bahati ni aliyefanikiwa. "Majaliwa" na "kudura" yanampeleka msikilizaji moja kwa moja kwa Mwenyezi Mungu. Sasa tazama anachofanya Machiavelli mwanzoni mwa sura ya 25. Anaanza kwa kusema wengi wanaamini mambo ya dunia yanaendeshwa na fortuna na Mungu. Kisha anapofika kwenye hesabu yake mwenyewe, anasema fortuna inatawala nusu ya matendo yetu na kutuachia nusu nyingine, au karibu nusu. Mungu ametajwa kwenye maoni ya watu, hakutajwa tena kwenye hesabu. Ukitafsiri kwa "majaliwa", umemrudisha mahali ambapo mwandishi alimpitia kimya, na hutauona ukimya huo kamwe. "Nasibu" linafaa zaidi. Katika mji ambao suala la kadari na hiari ya mwanadamu hujadiliwa misikitini na vibarazani, sura hii haihitaji kuchangamshwa.

La tatu ni stato. "Dola" ndilo neno la vitabuni, lakini Machiavelli anapozungumza juu ya mtu kuhifadhi au kupoteza stato yake, mara nyingi hazungumzii serikali yenye wizara na mihuri. Anazungumzia kile kishiko ambacho mtu anacho juu ya watu na ardhi. "Mamlaka" linakaa vizuri zaidi. Tena "dola" ikitamkwa barazani nusu ya watu watafikiria sarafu ya Marekani.

Historia ya ukurasa mmoja

Usisome kitabu kizima cha historia ya Italia kabla ya kuanza. Ndiko wengi wanakoishia. Andika tarehe hizi kwenye karatasi moja na uiweke ndani ya nakala yako. 1469, Machiavelli anazaliwa Firenze (Florence). 1494, mfalme wa Ufaransa Charles wa Nane anaingia Italia na jeshi, na ukoo wa Medici, uliokuwa ukiutawala mji huo, unafukuzwa Firenze. 1498, Machiavelli anaajiriwa kuwa katibu wa jamhuri ya Firenze. 1502 na 1503, anatumwa kwa Cesare Borgia na kumwona kwa macho. 1512, Medici wanarudi, yeye anapoteza kazi. 1513, anafungwa na kuteswa kwa tuhuma za njama, anaachiliwa, anakwenda shamba na kuandika. 1527 anafariki. 1532 kitabu kinachapwa, miaka mitano baada ya kifo chake. 1559 Kanisa Katoliki linakiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa.

Ongeza chini yake mamlaka tano zilizogawana Italia wakati huo: Firenze, Venezia, Milano, Napoli, na himaya ya Papa. Hayo yatosha kwa wiki nane zote.

Jambo moja tu la kulitilia mkazo: aliyeandika ni mtumishi wa jamhuri aliyefukuzwa, akimwandikia mtu wa ukoo uliomfukuza. Kila unapokutana na sifa au unyenyekevu, kumbuka anayesoma upande wa pili ni nani.

Wiki ya kwanza: mti wa sura ya 1

Sura ya 1 ni aya moja, na wasomaji huiruka wakidhani ni utangulizi wa adabu. Ni ramani. Chukua karatasi na uichore kama mti. Shina: mamlaka zote zilizowahi kuwatawala watu ni jamhuri au ni falme. Tawi la falme linagawanyika: za kurithi au mpya. Mpya: mpya kabisa, au zilizoongezwa juu ya ufalme mwingine. Zilizoongezwa: watu wake walizoea kuwa chini ya mfalme, au walizoea uhuru. Kisha njia ya kuzipata: kwa silaha za wengine au zako mwenyewe, kwa nasibu au kwa uhodari.

Mti huo ubaki mezani wiki zote nane. Kila ushauri utakaokutana nao, uulize uko kwenye tawi gani. Makosa mengi kabisa ya kusoma Mtawala ni haya: mtu anachukua ushauri aliopewa mtawala mpya, aliyeteka mji uliozoea uhuru, kwa silaha za wengine, na kuugeuza kuwa kanuni ya mwalimu mkuu, ya meneja, ya mume.

Wiki hiyo hiyo soma kitabu chote mara moja, haraka, bila kalamu. Sura ya 2 hadi 11 ni aina za falme. 12 hadi 14 ni majeshi. 15 hadi 23 ni mwenendo wa mtawala. 24 hadi 26 ni Italia, nasibu, na wito wa mwisho. Ukikwama kwenye majina, pita. Lengo ni kujua chumba gani kina nini, ili ukirudi usipapase gizani.

Daftari la safu nne

Kuanzia wiki ya pili mnarudi polepole, sura tatu au nne kwa wiki. Piga mistari ya wima daftarini upate safu nne: dai, sharti, mfano, mkwaruzo. Mkwaruzo ni pale ambapo dai linakwaruzana na sura nyingine, au na mfano wake lenyewe. Hii ndiyo safu inayobaki tupu kwa wavivu, na ndiyo yenye faida.

Tufanye sura ya 17 pamoja, kwa kuwa ndiyo iliyoumizwa zaidi na misemo.

Dai: ni salama zaidi mtawala kuogopwa kuliko kupendwa.

Sharti: angependa apate yote mawili. Ni vile tu kuyakusanya pamoja ni vigumu, na ikiwa lazima moja likosekane, basi ni salama zaidi kuogopwa. Aogopwe kwa namna ambayo, hata asipopata mapenzi, aepuke chuki. Na kuepuka chuki kuna masharti yake: asiguse mali za raia wala wake zao. Akilazimika kumuua mtu, pawe na sababu iliyo wazi. Mali za watu asizisogelee kabisa, kwa kuwa, anasema, watu husahau kifo cha baba upesi kuliko kupotea kwa urithi.

Mfano: Hannibal, jemadari wa Karthago, aliyeongoza jeshi la mataifa mengi ugenini bila maasi kwa sababu ya ukali wake, na Scipio, jemadari wa Roma, aliyependwa, ambaye majeshi yake yalimwasi Hispania.

Mkwaruzo: mifano yote miwili ni ya majemadari vitani. Je, hoja inavuka kutoka kambi ya jeshi hadi mji wenye raia? Sura ya 9 inasema mtawala aliyepanda kwa msaada wa wananchi yuko imara kuliko aliyepandishwa na wakubwa, kwa sababu wakubwa wanataka kukandamiza, na wananchi wanataka tu wasikandamizwe. Sura ya 19 inarudia hatari ya chuki kwa urefu kuliko sura yoyote. Ukiziweka tatu pamoja, sentensi maarufu inabaki ndogo sana. Kilichobaki kikubwa ni onyo dhidi ya kuchukiwa.

Hilo zoezi moja huchukua dakika 40 kwa mtu mmoja. Usilipunguze. Ukilifanya vizuri mara moja, sura nyingine zinafunguka zenyewe.

Methali husaidia kuingia, na husaliti baadaye. Chukua sura ya 13, juu ya askari wa kuazima, yaani jeshi la mwenye nguvu unayemwita aje akupiganie. Machiavelli anasema wakishindwa umeangamia, wakishinda umekuwa mateka wao. Na anamleta Daudi, aliyejaribu silaha za Sauli akazivua na kwenda na kombeo lake. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa: nguo ya kuazima haisitiri matako. Sura imeeleweka kwa pumzi moja. Lakini methali haina safu ya sharti. Haisemi nani anaazima, kwa nini hana nguo yake, na angefanya nini kama adui yuko mlangoni leo. Ipeleke kwenye historia ya hapa uone. Wenyeji wa pwani waliomba msaada wa Oman dhidi ya Wareno. Wareno waliondoka mwaka 1698, na waliokuja kusaidia wakabaki kutawala. Mwaka 1824 Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, nao wakaitafuta bendera ya Uingereza kwa Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza ili wajikinge na Sayyid Said, mtawala wa Oman, ikateremshwa mwaka 1826, na kufikia 1837 Mombasa ilikuwa mikononi mwa Sayyid Said. Machiavelli angesema nilikwambia. Mpinzani wake atauliza: mji mdogo wa bandari, uliozungukwa na wenye merikebu kubwa, ulikuwa na kombeo gani? Andika swali hilo kwenye safu ya nne na usilijibu haraka.

Somo la sura ya 20, Ngomeni

Wiki ya sita, mkifika sura ya 20, isomeni karibu na Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa. Mji huu umejaliwa kitu ambacho msomaji wa London hana: hoja ya kitabu imesimama kwa mawe mbele yako.

Machiavelli anauliza kama ngome zinafaa. Jibu lake lina sharti bayana kuliko yote kitabuni: mtawala anayewaogopa watu wake kuliko wageni, na ajenge, anayewaogopa wageni kuliko watu wake, aache. Kisha anasema ngome bora kuliko zote ni kutochukiwa na wananchi. Mfano wake ni bibi mtawala wa Forlì. Mumewe alipouawa na watu kuinuka, ngome ilimwokoa mpaka msaada wa Milano ukafika. Cesare Borgia alipomjia baadaye, na watu wakiwa maadui zake, ngome ile ile haikumfaa kitu.

Sasa geuka uangalie ukuta. Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati wa Milano, aliyewatumikia Wareno. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa na Wareno kwa jina la Dom Jerónimo, alimuua kapiteni wao mle ndani na kuitwaa ngome. Kuta hazikuwa na la kufanya, kwa sababu adui alipita mlangoni. Kati ya Machi 1696 na Desemba 1698 ngome ilizingirwa na Waomani kwa miezi 33, na maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani kabla ya panga. Mwaka 1728 Wareno waliirudisha, na mwaka uliofuata wananchi wa Mombasa wakawatoa.

Kazi ya baraza siku hiyo ni kugawanyika pande mbili. Upande mmoja utetee kwamba Fort Jesus inamthibitisha Machiavelli: ilipotea mara tatu, na mara tatu hizo Wareno hawakuwa na watu wa mji upande wao. Upande wa pili utetee kwamba inampinga: ukuta uliwapa watu wachache karibu miaka mitatu dhidi ya jeshi, na hakuna mapenzi ya wananchi yanayoweza kusimamisha mizinga. Baada ya nusu saa, badilishaneni pande. Ndipo mjiulize swali la sharti: Wareno walijenga wakimwogopa nani zaidi, merikebu za Waturuki zilizokwishapita pwani hii, au watu wa Mvita, yaani Mombasa yenyewe? Ikiwa ni wote wawili kwa pamoja, sharti la Machiavelli lina mashimo, kwa maana yeye alidhani lazima mmoja azidi.

Angalizo. Mfano mmoja wa hapa hauthibitishi wala hauvunji kanuni. Kazi yake ni kukuonyesha sharti liko wapi na limekazwa kiasi gani.

Sura zinazokwamisha

Ni tatu, na kila moja ina dawa yake. Sura ya 3 ni ndefu na imejaa vita vya mfalme Louis wa Kumi na Mbili wa Ufaransa. Dawa ni kutafuta orodha ya makosa matano ya Louis, ambayo Machiavelli mwenyewe anayahesabu karibu na mwisho, kisha kurudi nyuma ukiweka kila tukio chini ya kosa lake. Sura ya 19 ina makaisari kumi wa Roma mfululizo. Andika majina yao wima, kuanzia Marcus hadi Maximinus, na mbele ya kila jina weka mpole au mkali, na alikufaje. Utaona ni wawili tu waliomaliza salama, Marcus mpole na Severus mkali, na swali la sura litakurukia lenyewe.

Sura ya 7, ya Cesare Borgia, hukwamisha kwa njia nyingine: inavutia mno. Watu husimulia jinsi alivyomtuma msaidizi wake Remirro de Orco alitulize jimbo la Romagna kwa ukatili, kisha akamwacha asubuhi moja uwanjani Cesena, amekatwa vipande viwili, watu wakaridhika na kushikwa na bumbuazi. Tukio hilo linawameza wasomaji, hawafiki mwisho wa sura. Mwishoni Machiavelli, aliyesema hana la kumlaumu Borgia, anamlaumu: aliruhusu adui yake achaguliwe Papa. Mfano mkuu wa kitabu ni wa mtu aliyeanguka. Safu ya nne.

Ongezea sura ya 18, ya simba na mbweha. Kwetu ujanja ni wa sungura, na anayeutamka "sungura" barazani ataeleweka upesi, lakini atapoteza kitu. Mbweha wa Machiavelli kwanza kabisa ni wa kutambua mitego. Simba ni wa kuwatisha mbwamwitu. Udanganyifu unafuata baadaye. Hapo pia ndipo ule msemo kwamba mwisho huhalalisha njia ulipozaliwa: anachosema ni kwamba katika matendo ya watu, na hasa ya watawala, ambako hakuna mahakama ya kukatia rufaa, watu hutazama matokeo. Ni maelezo ya jinsi umma unavyohukumu. Kama ni haki uhukumu hivyo, hakusema.

Na sura ya 25 msiiruke mwisho wake, pale anapoifananisha nasibu na mwanamke wa kupigwa na kutiishwa. Isomeni kwa sauti, msema wazi kwamba ni mbaya, na mjadili kama hoja inahitaji mfano huo. Mfano wa kwanza wa sura hiyo, mto unaofurika na kingo zinazojengwa wakati wa utulivu, unatosha kuibeba. Wapo watakaotaka kuubadilisha mto kwa kusi na kaskazi. Hapana: pepo hizo zina msimu, nahodha anazingoja kwa kalenda. Nasibu ya Machiavelli haina kalenda, na ndiyo maana anataka kingo zijengwe kabla.

Kuendesha baraza

Baina ya alasiri na magharibi pana saa mbili na ushei. Tumieni dakika 90. Dakika 15 za kwanza mmoja asome kwa sauti aya ngumu kuliko zote za wiki hiyo, mara mbili, mara ya pili polepole. Kisha mtetezi aeleze hoja ya sura kwa dakika tano, kwa heshima, kana kwamba ni yake. Mpinzani apewe dakika tano. Karani asome safu ya sharti. Yaliyobaki ni ya wote. Majukumu yazunguke kila wiki, la sivyo mwenye sauti kubwa atakuwa mtetezi mpaka mwisho.

Kanuni moja msiivunje: kwa dakika 45 za kwanza asitajwe mwanasiasa yeyote aliye hai. Akitajwa gavana au mbunge mapema, kitabu kinafungwa na mazungumzo hayarudi, kahawa ikaisha mkiwa kwenye kampeni. Baada ya hapo tajeni mnavyotaka, kwa sharti la kuonyesha tawi la mti. Huyu alipata mamlaka kwa njia gani kati ya zile za sura ya 1? Kura haimo kwenye ule mti, na kugundua hivyo ni hatua kubwa.

Wiki ya saba: kukiweka mbele ya Katiba

Leteni Katiba ya Kenya ya 2010 na msome Kifungu cha 1, kinachosema mamlaka yote ni ya wananchi, na Kifungu cha 73 katika Sura ya Sita, kinachosema cheo cha umma ni amana, na kwamba kinampa afisa jukumu la kuwatumikia wananchi, si nguvu ya kuwatawala. Kando yake wekeni sura ya 15, ambapo Machiavelli anasema anayeacha yanayotendwa kwa ajili ya yanayopasa kutendwa hujifunza maangamizi yake.

Msikimbilie kusema mmoja ni mwema na mwingine mwovu. Kifungu cha 73 kinasema yanayopasa. Machiavelli anauliza nini hutokea yasipofanyika, na nani ananufaika. Mtu aliyesoma vyote viwili ataiuliza kila taasisi: ikiwa afisa ataamua kutawala badala ya kutumikia, ni kitu gani hasa kinamzuia? Hapo kitabu cha kumshauri mtawala kinamfaa mtawaliwa. Mwanafalsafa Rousseau aliona hivyo. Katika Mkataba wa Jamii alikiita kitabu cha wapenda jamhuri. Wengine hawakubali, na mna haki ya kutokubali. Kwa anayetaka kulipima suala hilo, Machiavelli aliandika pia maelezo marefu juu ya historia ya Titus Livius, mwanahistoria wa Roma, yaliyochapwa mwaka 1531, na humo anazisifu jamhuri waziwazi. Soma walau sura ya 58 ya kitabu cha kwanza cha maelezo hayo, anapowalinganisha umma na mfalme.

Wiki ya nane: ukurasa mmoja

Sura ya 26 inageuka ghafla kuwa wito wa kuikomboa Italia, na inafungwa kwa ushairi. Siku hiyo mmoja alete mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita wa zama za Wamazrui, aliyetunga siasa ya mji huu kwa tungo wakati Sayyid Said akiuvizia. Someni yote mawili kwa sauti. Swali la kujadili: mshauri anapoacha hoja na kushika ushairi, amemaliza hoja, au hoja imemwishia?

Kisha kila mmoja aandike ukurasa mmoja, maneno 300 yasizidi 350. Aya ya kwanza: dai moja tu, na sharti lake. Ya pili: mfano bora wa kitabuni unaolitetea. Ya tatu: mkwaruzo wenye nguvu kuliko yote ulioupata, bila kuudhoofisha. Ya nne: wewe unashika upande gani, na ni ushahidi gani ungekubadilisha. Usianze na wasifu wa Machiavelli. Kila mtu ana ile karatasi ya tarehe. Usinukuu zaidi ya mistari mitatu. Na unaporejelea, andika nambari ya sura, si ya ukurasa, maana mwenzako ana tafsiri nyingine na ukurasa wako wa 71 kwake ni sura nyingine kabisa.